Je, Kunena kwa Lugha Kungaliko Katika Ukristo wa Leo?



Miongoni mwa maswali ambayo watafutaji wa dini wa Arusha hutuletea mara kwa mara, hili ni mojawapo ya yale yaulizwayo kwa uchungu. Mtu aishiye Levolosi, karibu na Soko la Kilombero, husikia katika usiku wa mkesha sauti za waombaji zikipanda pamoja, silabi juu ya silabi, bila neno hata moja analolitambua. Akiuliza, huambiwa kwamba huko ndiko kunena kwa lugha, na kwamba ndiyo dalili ya mtu kujazwa Roho Mtakatifu. Wako vijana ambao wamefunga, wakakesha, wakawekewa mikono, wala ulimi wao haukubadilika. Huondoka wakidhani kwamba Mungu amewakataa. Wengine, kwa kuona haya mbele ya wenzao, huiga sauti walizozisikia, kisha hubaki na mashaka moyoni, wasijue kama wamepewa karama au wamejidanganya.

Basi hili si suala la ubishi mtupu. Ni suala la nafsi ya mtu na Mola wake. Yafaa tulichunguze kwa upole na kwa dalili, tukianzia katika vitabu vya Wakristo wenyewe, maana si haki kumhukumu mtu kwa kitabu asichokiamini.

Yaliyotokea Yerusalemu

Kisa chenyewe kimo katika Matendo ya Mitume, mlango wa 2. Katika sikukuu ya Pentekoste wanafunzi wa Yesu (Nabii Isa a.s.) walikuwa pamoja, nao wakaanza kusema kwa lugha nyingine. Mjini walikuwapo Wayahudi waliotoka katika nchi nyingi: Waparthi, Wamedi, watu wa Mesopotamia, wa Misri, wa Libya, wa Roma, na Waarabu. Na ajabu iliyowashangaza ni ipi? Kwamba kila mmoja aliwasikia Wagalilaya hao wakisema lugha yake mwenyewe, ile aliyozaliwa nayo (aya ya 6 hadi ya 11).

Zingatieni jambo hili, ndugu zangu. Ishara ya Pentekoste, kama ilivyoandikwa, ilikuwa ni kufahamika. Aliyetoka Misri alifahamu, na aliyetoka Arabuni alifahamu. Ni kweli kwamba wako waliodhihaki wakisema kuwa watu hao wamelewa (aya ya 13), lakini wageni wenyewe walishuhudia kwamba wanayasikia matendo makuu ya Mungu katika lugha zao.

Jambo la pili ni hili. Siku ile ile, baada ya hotuba ya Petro, watu wapata 3,000 walibatizwa (aya ya 41). Je, imeandikwa kwamba hao 3,000 nao walinena kwa lugha? Haikuandikwa. Wasamaria walipowekewa mikono wakampokea Roho (Matendo 8:17), kunena kwa lugha hakutajwi. Kunatajwa katika nyumba ya Kornelio (10:46), na kwa watu wapatao kumi na wawili wa Efeso (19:6). Kwa hiyo, hata katika kitabu hicho chenyewe, jambo hili halikufanywa kuwa sharti la kila aaminiye.

Yaliyotokea Korintho

Wenzetu wa Kipentekoste, wakielezwa hayo, hujibu kwamba ziko lugha za namna mbili. Ya kwanza, wasema, ni ile ya Yerusalemu iliyofahamika na wageni. Ya pili ni lugha ya sala ambayo mtu husema na Mungu wala si na wanadamu, nao hutaja 1 Wakorintho 14:2, na pia 13:1 ambapo Paulo ataja lugha za wanadamu na za malaika. Jibu hili lastahili kusikilizwa kwa insafu, maana ni kweli kwamba sura hiyo inazungumza juu ya maneno yasiyofahamika na wasikilizaji.

Lakini na tuangalie Paulo aliamuru nini juu ya jambo hilo. Barua hiyo aliiandika yapata mwaka 55, akiwaandikia watu ambao ibada yao ilikwisha ingiwa na fujo. Katika 12:30 auliza kama wote wanena kwa lugha, na mpango wa maneno yake waonyesha kuwa jibu ni hapana. Katika 14:19 asema kwamba kanisani afadhali kwake maneno matano yenye akili, ili awafundishe wengine, kuliko maelfu ya maneno katika lugha isiyojulikana. Katika 14:23 aonya kwamba ikiwa wote watanena hivyo pamoja, na mgeni akaingia, atasema wana wazimu. Kisha katika 14:27 na 28 aweka sheria: wanene wawili, au wakizidi watatu, tena kwa zamu, na mmoja afasiri, na kama hakuna wa kufasiri, mwenye kunena na anyamaze katika kanisa.

Sasa nawaomba wasomaji wetu Wakristo wapime kwa kipimo hiki cha mtume wao. Katika mikutano ambayo watu mia moja hupaza sauti kwa wakati mmoja, wale wawili au watatu wako wapi? Zamu iko wapi? Na mfasiri yuko wapi? Hata tukikubali kwamba karama ya Korintho yaendelea, mengi yafanywayo kwa jina lake ni yale yale aliyoyakataza Paulo.

Ushahidi wa mababa wa Kanisa

Je, karama hiyo iliendelea karne kwa karne? Na tuwaulize Wakristo wa zamani. Yohane Chrysostom, aliyekuwa mhubiri mashuhuri wa karne ya nne, alipoifasiri barua hiyo kwa Wakorintho alikiri kwamba mahali hapo pana giza, kwa sababu mambo yale yalikuwa yakitokea zamani na katika siku zake hayatokei tena. Augustino, Mwafrika wa Kaskazini aliyekuwa askofu wa Hippo katika nchi iitwayo leo Algeria, alifundisha kwamba ishara ile ilifaa kwa wakati wake, ili kuonyesha kuwa Injili itafika katika lugha zote za dunia, kisha ikapita. Aliwauliza watu wake kama wanatazamia mtu awekewaye mikono anene kwa lugha, na dalili aliyoitaja ya kuwapo kwa Roho ni kumpenda ndugu yako. Basi karne nne baada ya Yesu, walimu wakubwa wa Kanisa walijua karama hiyo kwa habari tu.

Wengine hutegemea Marko 16:17, panaposemwa kwamba waaminio watasema kwa lugha mpya. Lakini wasomi wa Kikristo wenyewe wajua kwamba aya ya 9 hadi ya 20 za mlango huo hazimo katika nakala mbili kongwe mashuhuri, ile ya Sinai na ile ya Vatikano, ambazo zote ni za karne ya nne. Tena aya ifuatayo yataja kushika nyoka na kunywa kitu cha kufisha bila kudhurika. George Hensley wa Marekani, aliyeeneza desturi ya kushika nyoka kanisani, alikufa mwaka 1955 kwa kuumwa na nyoka aliyemshika ibadani. Mwenye kuifanya aya ya 17 kuwa sheria ya leo hana budi kueleza kwa nini haifanyi hivyo aya ya 18.

Kufufuka kwa jambo hili

Harakati ya Kipentekoste ya siku zetu ina tarehe inayojulikana. Tarehe 1 Januari 1901, katika mji wa Topeka nchini Marekani, mwanafunzi wa Charles Parham aitwaye Agnes Ozman alinena sauti ambazo waliokuwapo waliziamini kuwa ni Kichina. Mwaka 1906 William Seymour, mhubiri mweusi aliyezaliwa na watu waliokuwa watumwa, aliongoza mikutano ya Azusa Street mjini Los Angeles, na kutoka huko moto huo ukaenea duniani.

Yapasa tukumbuke Parham alitazamia nini. Alifundisha kwamba wamisionari watakaojazwa Roho watapewa lugha za mataifa bila kwenda shule. Wako walioiamini ahadi hiyo, wakasafiri. Alfred Garr na mkewe walitoka Los Angeles wakafika Calcutta nchini India, na Garr alidhani kuwa amepewa lugha ya wenyeji. Alipowahutubia, hawakumfahamu. Garr hakuacha kunena kwa lugha, lakini alibadili maelezo yake: akasema kwamba karama hiyo ni ya sala na sifa, wala si ya kuhubiria. Hivyo maelezo mengi tuyasikiayo leo yalitiliwa nguvu baada ya maelezo ya kwanza kushindwa katika majaribio.

Katika Afrika ya Mashariki jambo hili lilifika mapema. Wapentekoste wa Canada walishika misheni ya Nyang'ori, magharibi mwa Kenya, mwaka 1924. Mwaka 1927, huko Kaimosi, watu wa misheni ya Marafiki walitubu hadharani na kunena kwa lugha baada ya mahubiri ya Arthur Chilson, na uamsho huo ukawa chanzo cha makanisa ya Roho. Wapentekoste wa Sweden waliingia Tanganyika katika miaka ya 1930. Na jina la Moses Kulola, aliyeanzisha kanisa la EAGT mwaka 1991 na kufariki mwaka 2013, lajulikana nchini kote. Hata ndani ya Ukatoliki na Ulutheri wako leo wanaonena kwa lugha. Basi mtu akiuliza kama desturi hiyo ingaliko, jibu ni ndiyo, tena imeenea sana. Lakini swali letu ni jingine: je, ndiyo ile ishara ya Yerusalemu?

Uchunguzi wa wataalamu

Mwanaisimu William Samarin, ambaye pia alichunguza lugha ya Kisango ya Afrika ya Kati, alikusanya sauti za wanenao kwa lugha katika nchi mbalimbali, akatoa kitabu mwaka 1972. Aliona kwamba sauti hizo hutokana na lugha ambazo msemaji azijua, kwamba silabi chache hurudiwarudiwa, na kwamba hakuna neno lililofungamana na maana wala sarufi kama ilivyo katika lugha za wanadamu. Mwaka 2006 Andrew Newberg na wenzake, nchini Marekani, walipima ubongo wa wanawake watano waliokuwa wakinena kwa lugha. Waliona kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, itumikayo katika kujitawala, ilipunguza kazi yake. Hilo lapatana na maneno ya wanenaji wenyewe kwamba si wao wanaoziongoza sauti zile.

Kwa hiyo si sawa kuwaita watu hawa waongo. Wengi wao ni wanyofu, na hali iwapatayo ni hali ya kweli ya nafsi. Lakini hali ya nafsi, hata ikiwa ya kweli, si lazima iwe ufunuo. Sisi wa Afrika ya Mashariki hatuna haja ya kwenda mbali kulifahamu hili. Unguja, katika ngoma za kupunga pepo, mwenye pepo wa ruhani hutoa maneno ya Kiarabu, na mwenye pepo wa kibuki hutoa maneno ya Kibuki. Mkristo hawezi kukubali kwamba hao wamejazwa Roho Mtakatifu. Basi akubali pia kwamba ulimi kubadilika peke yake si hoja, maana ulimi hubadilika pia mahali ambapo yeye mwenyewe asema Roho huyo hayupo.

Kipimo cha Soko la Kilombero

Mwenyezi Mungu ametuweka mahali panapofaa sana kwa kulipima jambo hili. Kaskazini mwa Tanzania hukutana jamii nne za lugha za Afrika. Kimeru na Kichaga ni za Kibantu. Kimaasai, kisemwacho pia na Waarusha, ni cha Kiniloti. Kiiraqw ni cha Kikushi. Na kando ya Ziwa Eyasi wako Wahadza wenye lugha ya kudodosha ulimi. Asubuhi moja katika Soko la Kilombero mtu aweza kusikia lugha nyingi za mlima na za nyanda, kama alivyoweza mtu wa Yerusalemu. Ishara ya Pentekoste ingetokea hapo, mama wa Kiiraqw auzaye vitunguu angemsikia mhubiri asiyewahi kufika Mbulu akimweleza habari za Mungu kwa Kiiraqw safi, na jirani yake Mmeru vivyo hivyo. Hiyo ingekuwa hoja. Lakini mikutano hiyo hiyo huhubiriwa kwa Kiswahili ambacho mhubiri amejifunza, na akija mgeni kutoka ng'ambo husimamishwa mkalimani kando yake. Ajabu ni kwamba mkalimani hupatikana kwa Kiingereza ambacho wengi wakijua, lakini hapatikani kwa zile lugha ambazo Paulo aliagiza zifasiriwe.

Historia ya nchi yetu yatoa ushahidi ule ule. Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 alikaa na wenyeji akaandika maneno yao moja moja, na kamusi yake ilitoka mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Steere alitoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870. Wamisionari wa Leipzig waliofungua misheni katika Mlima Meru mwanzoni mwa karne ya 20 nao waliketi na wenyeji wakajifunza. Biblia ya Kiswahili cha muungano ilikamilika mwaka 1952 kwa kazi ya miaka mingi. Ukristo ulienea katika lugha zetu kwa jasho la wanafunzi na subira ya wenyeji waliowafundisha. Hatuidharau kazi hiyo. Twasema tu kwamba haikufanywa kwa kunena kwa lugha.

Njia ya Islam

Kurani Tukufu yafundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakumtuma Mtume ila kwa lugha ya watu wake, ili awabainishie (Sura Ibrahim, aya ya 5). Yafundisha pia kwamba kutofautiana kwa lugha na rangi zetu ni miongoni mwa ishara zake (Ar-Rum, aya ya 23). Na katika Sura An-Nisaa, aya ya 44, waaminio wamekatazwa kuikaribia Sala katika hali ya kulewa, mpaka wajue wayasemayo. Sababu iliyotajwa ni hiyo: kujua wayasemayo. Mja asimamapo mbele ya Mola wake hatakiwi kuiacha akili yake mlangoni.

Hapa mtafutaji aweza kutuuliza kwa haki: mbona Waislamu wengi husali kwa Kiarabu wasichokifahamu? Twajibu kwamba huo ni upungufu wa mwenye kusali, wala haumo katika Sala yenyewe. Kiarabu ni lugha yenye maana. Mtoto wa Levolosi aweza kufundishwa maana ya Al-Fatiha kwa muda mfupi, na ni wajibu wetu kumfundisha. Tena Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa a.s., alihimiza kwamba pamoja na maneno yaliyowekwa, mtu aombe ndani ya Sala kwa lugha yake mwenyewe, ili moyo wake ulainike. Na Sheikh Mubarak Ahmad, aliyefika Afrika ya Mashariki mwaka 1934, hakungoja ulimi wake ugeuke. Alijifunza Kiswahili, na kwa msaada wa wenyeji, akiwamo Sheikh Kaluta Amri Abedi, Kurani Tukufu yenye tafsiri ya Kiswahili ikatolewa mwaka 1953.

Je, maana yake ni kwamba Mungu amenyamaza? Hasha! Sisi Waahmadiyya twasadiki kwamba Mwenyezi Mungu angali anasema na waja wake, na kwamba malaika huwashukia wale wasemao kuwa Mola wao ni Allah kisha wakasimama imara (Ha Mim Sajda, aya ya 31). Twaamini kwamba tarehe 11 Aprili 1900, siku ya Idi huko Qadian, Seyidna Ahmad a.s., ambaye lugha yake ya kuzaliwa ilikuwa Kipunjabi, alijaliwa kutoa hotuba kwa Kiarabu kwa msaada wa Mungu. Maneno yale yaliandikwa papo hapo na wanafunzi wake, yakafasiriwa kwa Kiurdu mbele ya watu wale wale, kisha yakapigwa chapa. Asiyeamini kwamba yalitoka kwa Mungu aweza kuyachukua, akayasoma, na kuyapima kwa sarufi na kwa maana. Twamwomba ayapime, kwani karama ya lugha yapasa iweze kupimwa.

Nasaha kwa mtafutaji

Ndugu yangu uliyekesha ukiomba ulimi wako ubadilike nao haukubadilika, usikate tamaa. Mungu wako hakukukataa. Hata katika kitabu cha Wakristo, matunda ya Roho yaliyohesabiwa katika Wagalatia 5:22 na 23 ni upendo, furaha, amani, uvumilivu, wema na mengine kama hayo, wala kunena kwa lugha hakumo. Na Yesu mwenyewe, katika Mathayo 7:22 na 23, aliwaonya wale watakaojivunia unabii na miujiza iliyofanywa kwa jina lake, kwamba atawaambia hakuwajua kamwe.

Basi jipime kwa hayo. Je, ulimi wako umeacha kusengenya? Mizani yako sokoni ni sawa? Jirani yako amesalimika nao mkono wako? Mwombe Mola wako kwa Kiswahili, au kwa Kimeru, au kwa Kimaasai. Yeye ndiye aliyeziumba lugha hizo, naye huzijua zote. Omba akuongoze katika njia iliyonyoka, ukiwa na akili yako timamu na moyo ulionyenyekea, wala usiache kuomba hata uone jibu.

Nanyi mliokwisha ingia katika Islam, msiwacheke ndugu zenu wanaonena kwa lugha. Kiu yao ya kuwa karibu na Mungu ni kiu njema. Waonyesheni maji, kwa maneno yafahamikayo na kwa mwenendo uonekanao.

Mwenyezi Mungu atufungulie sote njia ya haki, azitakase ndimi zetu na nyoyo zetu. Amin.